Kuazima si Kukopa: Hati za Forodha kwa Mali Ivukayo Mpaka kwa Muda

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wasomaji wetu wengi wamelipitia kwa miguu yao bila ya kulipatia jina. Mtu atokaye Bunia akavuka mpaka na kamera yake, si kwa kuiuza bali kwa kuitumia na kurudi nayo, amefanya nini mbele ya sheria? Hakuuza nje, kwa kuwa mali bado ni yake. Siku arudipo hakuagiza kitu kutoka nje, maana analeta kilekile alichoondoka nacho. Hata hivyo afisa wa forodha hana njia ya kuyajua hayo kwa kumtazama uso. Anachokiona ni mtu na kamera. Tofauti yote kati ya mfanyabiashara, mgeni na msafiri arudiye kwao imo katika karatasi, na karatasi hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Mwandishi wa makala haya aliyajua haya kwa gharama. Miaka michache iliyopita alivuka na kinasa sauti na kompyuta ndogo kwenda kurekodi wasemaji wa Kiswahili upande wa Uganda. Alitoka bila ya kumwonyesha mtu yeyote vyombo hivyo, akidhani kwamba kunyamaza ni kujirahisishia safari. Siku ya kurudi, kwenye mpaka ambao hautatajwa, aliulizwa stakabadhi ya ushuru wa vyombo hivyo, naye hakuwa nayo. Alijieleza kwa muda wa nusu saa, kisha akalipa. Kwa muda mrefu alilihesabu tukio hilo kuwa dhuluma tupu. Baada ya kuisoma sheria yenyewe amelazimika kukubali kwamba afisa yule alikuwa na haki ya kuuliza, ingawa kiasi alichokitoza, na risiti ambayo hakuitoa, ni mambo mengine.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo la forodha liletwe katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu ni kwamba tulipojaribu kuwaeleza jirani zetu wa Mudzipela utaratibu huu, tuligundua kwamba ugumu mkubwa haukuwa katika sheria. Ulikuwa katika maneno. Hati zimeandikwa kwa Kifaransa upande mmoja wa mpaka na kwa Kiingereza upande wa pili, ilhali mazungumzo yote ya kaunta hufanyika kwa Kiswahili, na maneno ya Kiswahili yanayotumika pale huficha kile ambacho hati inakisema.

2.0 Vitenzi viwili

Kiswahili sanifu kina utajiri ambao hatuuthamini ipasavyo. Ukiazima jembe, unarudisha jembe lilelile. Ukikopa kilo ya sukari, sukari ile utainywa katika chai, na utakayoirudisha ni nyingine yenye uzito uleule. Kitenzi cha Kifaransa "emprunter" hutumika kwa mambo yote mawili, hata wanasheria wakalazimika kwenda kuchota maneno katika sheria ya Kirumi, "commodatum" kwa azima na "mutuum" kwa mkopo. Sisi tunayo tofauti hiyo katika vitenzi vya kila siku. Ni kweli kwamba hapa Bunia, ambako Kilingala na lugha nyingine zinaishi nyumba moja na Kiswahili, tofauti hiyo hufifia midomoni mwa baadhi ya wasemaji, na kukopa kukawa jina la yote mawili. Lakini ipo, na inafaa kuhuishwa, kwa sababu utaratibu mzima wa forodha uitwao kwa Kifaransa "admission temporaire" umejengwa juu yake.

Kwa maneno mengine, nchi inayokipokea kitu kwa muda huwa imekubali kukiona kikiingia kama kitu cha kuazima. Ushuru hautozwi. Sharti ni kwamba kitakachotoka kiwe kilekile kilichoingia, katika hali ileile, isipokuwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Ndiyo maana hati hizi huuliza namba ya mtambo, chapa, aina, rangi, na pengine picha. Mtu aliyeandika "kompyuta moja" hajaandika kitu, maana kompyuta moja yaweza kurudi kompyuta nyingine, na hapo azima imekwisha kuwa mkopo.

Tuchukue mfano wa fundi wa kike mwenye kibanda cha ushonaji Mudzipela. Amealikwa Arua kuonyesha mavazi yake katika maonyesho ya wiki mbili na kuwafundisha wasichana kazi. Anafunga mizigo: cherehani mbili, gauni 30 za maonyesho, boksi la nyuzi na sindano, na doti kadhaa za vitenge ambazo atazishona hukohuko mbele ya wanafunzi. Kwake yeye huo ni mzigo mmoja, na kwa mwenye gari vilevile, kwani nauli ni moja. Kwa afisa wa forodha ni mizigo minne.

Cherehani ni azima halisi, ni vyombo vya kazi. Zitatumika na kurudi. Gauni ni sampuli. Nazo ni azima, lakini azima yenye kishawishi, kwa kuwa mtu akizipenda atataka kuzinunua. Sheria haikatazi. Inachodai ni kwamba gauni likiuzwa litolewe katika hesabu ya azima, litangazwe kuwa limeingia kwa kudumu, na ushuru wake ulipwe. Anayeondoka na gauni 30 akarudi na 22 bila ya karatasi ya zile 8 atadaiwa hata kama ziliibwa. Nyuzi na sindano haziwezi kuwa azima kwa namna yoyote ile, kwa sababu zitakwisha. Kitu cha kuliwa, cha kuchomwa au cha kugawiwa bure hakiazimwi. Na vitenge? Hapo ndipo wanafunzi wetu waliposhindwa tulipowapa swali hili darasani. Kitenge kitakwenda kama kitambaa na kurudi kama nguo. Si kilekile tena. Sheria ina mlango wa pili kwa vitu vya namna hiyo, vinavyoingia ili vifanyiwe kazi na kutoka vikiwa na umbo jingine. Mlango huo una masharti yake na hati zake, na anayepitisha vitenge katika mlango wa cherehani amekosea mlango hata kama hana nia mbaya.

3.0 Kitabu cha ATA

Duniani iko hati moja iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya azima za namna hii. Wazo lilianza kwa sampuli za biashara, katika mkataba wa mwaka 1956. Kisha tarehe 6 Desemba 1961 ulitiwa saini Brussels mkataba mpana zaidi ulioanza kutumika mwaka 1963, na hati yake ikaitwa "carnet ATA". Herufi hizo zimefumwa kwa lugha mbili kwa pamoja: "Admission Temporaire" na "Temporary Admission", na neno la katikati likatumika kwa zote mbili. Mwaka 1990 mkataba wa Istanbul uliikusanya mikataba ya aina hii iliyokuwa imetawanyika, nao ukaanza kazi mwaka 1993.

Kitabu chenyewe si kigumu kukielewa. Jalada lake ni la kijani. Ndani mna karatasi za manjano kwa ajili ya kutoka nchini mwako na kurudi, nyeupe kwa ajili ya kuingia nchi ya kigeni na kutoka, na buluu kwa ajili ya nchi unayoipitia tu. Orodha ya mali imeandikwa mara moja, na katika kila mpaka afisa hupiga mhuri, hukata kipande chake na kuacha kishina kitabuni. Kitabu hudumu kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Linalokifanya kitabu hiki kiaminike ni mdhamini. Hutolewa na chama kilichoteuliwa katika kila nchi, kwa kawaida chemba ya biashara, na vyama hivyo vimefungamana katika mnyororo wa kimataifa chini ya Chemba ya Biashara ya Kimataifa. Mwenye mali akikosa kuirudisha, forodha ya nchi ya kigeni haina haja ya kumtafuta. Hudai kwa chama cha nchini mwake, nacho hulipa ndani ya mnyororo huo. Kwa mujibu wa mkataba wa 1961, dai hilo haliwezi kuuzidi ushuru wenyewe kwa zaidi ya asilimia 10, na chama hupewa miezi 6 ya kuthibitisha kwamba mali ilitoka. Kwa hiyo msafiri haweki fedha taslimu katika kila mpaka. Ameweka dhamana mara moja, nyumbani.

Nchi na maeneo yapatayo 80 huipokea hati hiyo. Katika Afrika zimo Moroko, Algeria, Tunisia, Senegal, Kodivaa, Madagaska, Morisi na Afrika Kusini pamoja na jirani zake wa umoja wa forodha. Kongo haimo, wala Uganda. Hilo ni pengo kubwa. Mpiga picha wa Dakar aendaye Paris ana kitabu. Mpiga picha wa Bunia aendaye Arua, safari ya siku moja njia ikiwa salama, hana.

Kuna kipengele kimoja cha mkataba huo ambacho kwa mwanaisimu ni cha thamani. Kitabu huchapwa kwa Kifaransa au Kiingereza na, ikihitajika, kwa lugha ya pili. Hakuna kinachokizuia Kiswahili kuwa lugha hiyo ya pili siku nchi zetu zitakapoingia. Kinachokosekana ni istilahi zilizokubaliwa, jambo ambalo tutalirudia.

4.0 Kati ya Bunia na Uganda

Bila ya kitabu cha ATA, msafiri wa Ituri hutegemea sheria za nchi mbili, moja baada ya nyingine. Upande wetu forodha ilisimamiwa na OFIDA tangu 1979 hadi ilipoundwa Kurugenzi Kuu ya Forodha na Ushuru wa Bidhaa, DGDA, kwa amri ya Desemba 2009. Kanuni ya forodha inayotumika ni ile ya tarehe 20 Agosti 2010, iliyochukua nafasi ya amri ya kikoloni ya mwaka 1949. Ndani yake umo utaratibu wa kuingiza kwa muda, na umo pia ndugu yake asiyejulikana sana, yaani kutoa kwa muda. Huyu wa pili ndiye anayemhusu fundi wetu kwanza. Kabla ya kutoka anatakiwa kutangaza cherehani zake, namba kwa namba, na kubaki na nakala yenye mhuri. Nakala hiyo ndiyo itakayosema siku ya kurudi kwamba cherehani hizi hazikununuliwa Arua. Watu wengi huiruka hatua hii, kwa kuwa wakati wa kutoka hakuna anayewasumbua. Mwandishi naye aliiruka, na matokeo yake yameelezwa.

Upande wa Uganda inatumika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mali ya muda huruhusiwa kukaa kwa kipindi ambacho forodha inakitaja, kisichozidi miezi 12, na kwa kawaida mwenye mali hutoa dhamana, ama kwa hati ya mdhamini ama kwa fedha taslimu zitakazorudishwa.

Kongo yenyewe ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya hiyo tarehe 8 Aprili 2022 na kukabidhi hati za kuridhia tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Wengi walidhani kwamba tangu siku hiyo mizigo itavuka kama kutoka Mudzipela kwenda sokoni mjini. Sivyo. Kujiunga ni mlango. Kuzioanisha sheria za forodha ni nyumba nzima inayohitaji kujengwa, na ushuru wa nje wa pamoja ni sehemu ya nyumba hiyo.

Aidha yapo makaratasi mengine ambayo husikika katika mazungumzo haya na kuyavuruga. Mfumo rahisi wa biashara wa COMESA ulibuniwa kwa wachuuzi wa mipakani wanaopitisha bidhaa za kuuza. Hauna msaada kwa cherehani ya kurudi. Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya gari kwa madhara yatakayompata mtu mwingine. Dereva anayeionyesha forodha akidhani ameshamaliza amekosea dirisha. Gari au pikipiki lenyewe nalo ni mali inayovuka kwa muda, na lina kitabu chake cha kimataifa, ambacho ni tofauti na cha ATA ingawa vyote viwili huitwa "carnet".

Ikumbukwe pia kwamba amri ya rais ya tarehe 28 Machi 2002 iliziruhusu huduma nne tu kukaa mpakani: forodha, ofisi ya ukaguzi OCC, uhamiaji DGM na afya. Anayeijua idadi hiyo huweza kuuliza kwa adabu dirisha la tano ni la nani.

5.0 Istilahi

Tuyarudie maneno, maana ndipo tulipoanzia. Forodha ni neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya bandari, na Forodhani ya Unguja na ya Lamu hukumbusha kwamba hapo mwanzo forodha ilikuwa mahali ufukweni kabla ya kuwa ofisi. Ushuru una mzizi wa kumi, yaani fungu la kumi, ingawa mkataba wa Zanzibar na Marekani wa mwaka 1833 uliweka asilimia 5, nusu ya kile ambacho neno linakidai. "Duane", ambalo ndilo husikika zaidi hapa Ituri, limepitia Kifaransa, lakini chimbuko lake ni lilelile lililotupatia diwani. Kadhalika "tarifu" ya Wafaransa na taarifa yetu ni watoto wa mama mmoja. Kwa hiyo tusiwacheke wanaosema duane. Neno hilo ni geni aliyezunguka Ulaya akarudi kwa jamaa zake. Sisi tunapendekeza forodha kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba inaeleweka hadi Mombasa.

Tatizo lenye gharama liko kwingine. Kifaransa cha sheria kinasema kwamba ushuru umewekwa katika hali ya "suspension". Wakala wa forodha, yule ambaye mjini wanamwita deklaran, humtafsiria mteja wake: "Umesamehewa ushuru." Mteja hufurahi na kwenda zake. Lakini hakusamehewa. Msamaha huliondoa deni. Hapa deni lipo limening'inia juu ya mali, nalo hushuka pindi masharti yakivunjwa. Tunapendekeza "kusitisha ushuru", na tunawaomba mawakala waliache neno msamaha kwa mahali pake. Mkataba wa Istanbul una hata hali ya tatu, ya kusitisha sehemu: mali iliyoazimwa kwa ajili ya kuzalisha hutozwa kidogokidogo, kiasi kisichozidi asilimia 5 ya ushuru wake kwa kila mwezi. Hilo haliwezi kuelezwa kabisa kwa neno msamaha. Nani husamehe kwa mwezi?

Jozi nyingine ni amana na dhamana, ambazo hufanana sautini lakini mizizi yake katika Kiarabu ni miwili. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili kitunzwe. Dhamana ni kile kinachowekwa ili ahadi iaminike. Fedha anazozitoa fundi wetu kaunta ya Uganda benki ingeziita amana, na pengine risiti itaandikwa hivyo, lakini kazi yake ni dhamana. Afadhali kusema "fedha za dhamana", zitaeleweka kuwa ni za kurudi.

Kuhusu jina la kitabu chenyewe, kuandika "karne" kwa tahajia yetu kungeleta kichekesho, kwani karne ni miaka 100 na kitabu hudumu mmoja. Tunapendekeza "kitabu cha ATA" tu. "Admission temporaire" iwe "uingizaji wa muda", na mwenzake "utoaji wa muda". Wapo wenzetu wanaopendelea "uingizaji wa azima". Tunavutiwa nao, kwa kuwa neno azima lingemweleza mwenye mali wajibu wake bila ya mhadhara, ila tunahofia kwamba mtu ataanza kuuliza ni nani aliyemwazima nani.

Lililobaki ni "apurement", nalo ndilo tulilopata taabu nalo zaidi. Ni kitendo cha kumaliza hati: mali imetoka, afisa ameiona, amepiga mhuri wa mwisho, na deni lililokuwa limening'inia limefutwa. Wengine wameandika "usafishaji", tafsiri ya neno kwa neno isiyosema lolote. Sisi tumechagua "kufunga hati", kwa kuwa hati isiyofungwa ni kama akaunti iliyo wazi. Fundi wetu akimaliza maonyesho alasiri, akapata gari la haraka, akavuka bila ya kusimama kwenye dirisha la Uganda, cherehani zitakuwa zimefika Mudzipela salama, lakini katika daftari la forodha bado zipo Arua. Fedha zake za dhamana hazitarudi, na muda ukipita zitageuzwa kuwa ushuru. Inampasa ashuke na cherehani zote mbili, aombe zitazamwe namba zake, asubiri mhuri, achukue nakala, kisha aulize ni dirisha gani linalorudisha fedha na hurudisha siku zipi.